Maneno Ishirini na Manne

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimepokea kielelezo kidogo kuliko vyote na kelele nyingi kuliko zote. Pikipiki ya wizi huletwa na askari wawili. Hiki kidude — mfano wa flashi ya kompyuta, hakifiki hata kidole gumba — kimeletwa na watu saba! Pamoja nacho karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Ndiyo mali ya yule tapeli tuliyemkamata, yule aliyekuwa akikodi ukumbi na kujiita Mwalimu wa Utajiri. Eti humo ndimo zilimo sarafu za mtandao alizowaliza watu.

Mkuu wa kituo alisimama mlangoni mwa stoo yangu, mikono kiunoni. Fungia vizuri, Mama Stoo, hiki kina thamani kuliko jengo hili lote. Nikamwambia kwa miaka kumi na tisa stoo ya vielelezo haijapoteza hata kifungo cha shati. Akacheka. Sikukipenda kile kicheko.

Karatasi ina maneno ishirini na manne ya Kiingereza, yamepangwa kwa namba. Hayaungani, hayana maana, utadhani mtu kayaokota barabarani. Lakini kanuni ni kanuni: maandishi yoyote yaliyo kwenye kielelezo yanakiliwa kama yalivyo katika daftari kubwa, na daftari kubwa halikatwi wala halifutwi. Kwa hiyo nikaanza kwenye daftari langu la rasimu, lile la shule ninalotembea nalo kwenye mkoba. Nikahakiki mara mbili, ndipo nikahamishia kwenye daftari kubwa kwa wino. Mwandiko ulinyooka! Najisifu mwenyewe maana hakuna wa kunisifu. Kisha bahasha, lakiri, saini tatu. Kielelezo namba 31.

Jambo moja sijamwambia mtu. Dada yangu ni mmoja wa waliolizwa. Nikisema, wataniondoa kwenye kesi na ufunguo apewe mwingine. Nimebakiza miezi kumi nistaafu. Huyo mwingine ni nani, na ataingiza nani humu ndani? Hapana. Nimenyamaza.

Jumapili, 10 Machi

Dada kaja kula na futi yake ya kupimia shingoni. Ananishonea gauni la siku ya kuagwa kazini — zawadi, amesema, hata kama amebaki na cherehani moja. Mbili aliziuza akampelekea Mwalimu wa Utajiri. Tulipokuwa mezani akaimba tena namba yake, sifuri nukta sifuri nane saba tatu. Ndivyo simu ilivyomwonyesha alichonacho, siku ya mwisho kabla ya tapeli kuzima kila kitu. Anaijua kwa moyo kuliko tarehe yake ya kuzaliwa. Watu wazima na miwani puani, anasema, walikaa ukumbini miezi miwili wakafundishwa waleti, ile pochi ya sarafu ya simuni, wakafundishwa kutuma, wakafundishwa kupokea. Alitufundisha yote isipokuwa kwamba yeye ni mwizi!

Akauliza tumekamata nini. Nikamjibu siri za kazi, Dada. Akasema haya, afande, nyoosha mikono.

Akanipima. Kiuno kimeongezeka, nikamwambia futi yake imelegea. Hakuwa na karatasi ya kuandikia vipimo, nikamwambia achukue daftari mkobani. Nilikuwa nimegeukia ukuta, nikasikia tu rrrp! Nikamgombeza, karatasi haichanwi katikati ya daftari. Mume wangu akadakia kwamba mimi hata kivuli changu nakidai kitambulisho. Wakacheka wote wawili mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 17 Aprili

Kaja mtu kutoka makao makuu. Mtaalamu wa kompyuta, viatu vyeupe — katika stoo yangu yenye vumbi! Anatazama kila kitu mara mbili. Alitaka sarafu zihamishwe leo leo kwenye waleti ya serikali. Mkuu akauliza hiyo waleti ya serikali iko wapi. Haipo. Haijafunguliwa. Basi, Mkuu akasema, wasiwasi wa nini, mali iko kwenye bahasha na bahasha iko kabatini.

Mtaalamu akajibu, "Mkuu, hapo umefungia ufunguo. Nyumba iko nje."

Sikuelewa na sikutaka kuonekana sijaelewa. Kwangu mimi kitu kikiwa ndani ya kabati kiko ndani ya kabati. Ninachojiuliza ni hiki: mtu mwenye haraka hivyo na mali isiyo yake ana lake jambo.

Ijumaa, 24 Mei

Barua ya waleti bado inazunguka. Makao makuu wameipeleka hazina, hazina wakaipeleka benki, benki wakauliza kisheria hiki ni pesa au ni bidhaa. Leo imerudi kwa Mkuu imeandikwa "kwa utekelezaji". Mkuu kaigonga muhuri, kaitia kwenye trei.

Lakini bei ya sarafu anaijua! Kila asubuhi anatangaza imepanda au imeshuka, kama mtu wa hali ya hewa. Na kwake anajenga ukuta na geti. Sisemi kitu. Naandika tu hapa.

Jumatatu, 3 Juni

Tangazo limebandikwa ubaoni: waliotapeliwa wajiandikishe, na kiasi cha kila mmoja, mwisho Ijumaa tarehe 14. Asiyekuwa kwenye orodha hatarudishiwa.

Dada alikuja mpaka dirishani kwangu, kavaa vizuri, kitambulisho mkononi. Nikamtoa nje haraka kabla hajaonekana. Tulisimama nyuma ya ukuta, kwenye magari mabovu. Nikamwambia akijiandikisha watauliza ndugu zake ni nani, jina langu litatoka, na miezi mitatu nimeshakaa na ufunguo bila kusema. Watanifukuza na kiinua mgongo kitapotea. Nikistaafu nitakufidia mwenyewe, nilimwambia. Naapa.

Hakupiga kelele. Bora angepiga. "Asiyekuwepo na lake halipo, au siyo?" Akakirudisha kitambulisho kwenye pochi, akaondoka zake kwa miguu.

Nimejisikia vibaya mchana kutwa. Lakini ningefanyaje? Dada ni mtu wa kuelewa.

Ijumaa, 14 Juni

Yule wa viatu vyeupe karudi! Kaomba kuthibitisha lakiri. Sawa, nikamtolea bahasha, akaikagua, nzima. Kisha akafungua daftari kubwa ili asaini. Akaona ukurasa wangu. Uso ulimbadilika.

"Mama, umeyaandika humu? Yote?"

Nikamwambia ndiyo, na kwa mpangilio, na hakuna kosa hata la nukta. Akashika kichwa. Eti hayo maneno si maelezo ya mali, hayo ndiyo mali yenyewe. Yeyote mwenye kuyajua, kwa mpangilio ule, akiyaandika kwenye simu yoyote, mahali popote, anachukua kila kitu bila kugusa bahasha. Akauliza nani mwingine kaona. Nikasema kila anayesaini anaona, daftari ni la ofisi. Akaomba wembe akate ukurasa.

Wembe! Kwenye daftari kubwa! Nikalifunga, nikalikalia.

Tulibishana hadi Mkuu akaja. Mwisho ukurasa umefunikwa kwa karatasi ngumu, ukapigwa stepla na lakiri juu yake. Huyu mtu namwona vizuri sasa. Kwanza alitaka mali ihamishwe. Sasa anataka ukurasa utoweke. Na kuna jambo jingine: katikati ya yote simu yangu iliita, nikatoka nje kuipokea. Alikuwa Dada, anauliza kama kweli orodha inafungwa leo saa tisa. Nikamwambia tumeshaongea hilo. Niliporudi, Mtaalamu alikuwa peke yake na daftari likiwa wazi. Nimeandika pembeni ya jina lake: dakika nne.

Jumamosi, 20 Julai

Nimepita kibandani kwa Dada kuulizia gauni. Cherehani tatu! Zote zinanguruma, na wasichana wawili wameajiriwa. Kapata tenda ya sare za shule, anasema. Wakalipa nusu kabla.

Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, nikamwambia Mungu si Athumani. Akasema kweli, si Athumani. Gauni bado, lakini nisihofu, vipimo vyangu viko pale pale kwenye msumari pamoja na vya wateja. Nikatazama, lundo la vikaratasi ukutani. Nikamwambia anunue daftari kama watu.

Kanipikia chai mwenyewe. Tangu ile siku ya magari mabovu hatujawahi kukaa vizuri hivi. Nimerudi nyumbani mwepesi.

Alhamisi, 8 Agosti

Siku mbaya. Naiandika yote.

Waleti ya serikali hatimaye imefunguliwa. Saa nne asubuhi tulikaa chumba cha mikutano: Mkuu, wakili wa serikali, Mtaalamu, mimi na ufunguo. Nimeitoa bahasha mwenyewe. Lakiri nzima, saini zote tatu zinasomeka. Wote wakashuhudia. Mtaalamu akakata, akachomeka kile kidude kwenye laptopu, akaandika. Akaandika tena.

"Imepungua."

Mkuu akasema imepunguaje, kwani sarafu inachujwa? Mtaalamu akageuza laptopu tuone, ingawa kwangu ilikuwa mistari mitupu. Kuna kitu kama daftari la hadhara huko mtandaoni, kila kinachoingia na kutoka kinaonekana milele, hata jina la mtu lisipoonekana. Kimetoka kipande kidogo mara moja tu. Jumapili, tarehe 16 Juni. Mkuu alikigeuza kuwa pesa papo hapo kichwani: hakitoshi hata kununua gari zima, la mtumba. Vilivyobaki vyote vipo, havijaguswa.

Na mimi nimekaa pale, ufunguo shingoni. Miaka kumi na tisa!

Mtaalamu alisema jambo ambalo hakuna aliyelijali. Mwizi aliyeshika haya maneno angezoa zote. Huyu alijua anataka kiasi gani. Akaomba orodha ya waliotapeliwa, wakailinganisha jina kwa jina. Hakuna anayedai kiasi hicho. Hakuna hata anayekikaribia.

Ndipo Mkuu akaniuliza mbele ya wote, nani ameyaona maneno kabla ya hiyo Jumapili? Nikafungua daftari kubwa. Tarehe 14, Ijumaa. Siku mbili tu kabla! Nikasoma kwa sauti: dakika nne, peke yake.

Chumba kizima kikamgeukia mwenye viatu vyeupe. Nilihisi — naandika ukweli, hakuna anayesoma hapa — nilihisi raha.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimetoa maelezo, kurasa tatu. Nimeandika mwenyewe, sikumpa karani. Nilimshuku tangu viatu. Haraka yake ya Aprili, wembe wake wa Juni. Nilimaliza kwa kusema kikulacho ki nguoni mwako. Mkuu kasema maelezo safi.

Mtaalamu amesimamishwa kazi. Laptopu yake imeletwa kwangu, kielelezo namba 58. Alisimama upande wa pili wa kaunta nikiitia kwenye bahasha. Hakufoka. Alisema, "Mama Stoo, nilitaka kuukata ule ukurasa ili nikulinde wewe." Nikamwambia asaini hapa, na hapa. Mkewe alikuwa akimsubiri nje, ana mimba kubwa. Sikujua kama ameoa.

Jumatatu, 12 Agosti

Barua ya makao makuu imekuja niiweke kwenye jalada. Mkuu kutwa anataja thamani, leo ndiyo mara ya kwanza naona hesabu yenyewe, kwa sarafu, imepigwa chapa.

0.0873.

Nilisoma kimya. Nikasoma tena kwa sauti ndogo, nikasikia ni sauti ya Dada inayosoma. Sifuri nukta sifuri nane saba tatu.

Nilimwambia Mkuu tumbo linaniuma. Nikarudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana, nikalitoa daftari la rasimu mkobani. Tarehe 2 Machi, kisu cha jikoni, kielelezo 30. Ukurasa unaofuata ni wa tarehe 5, kielelezo 32. Katikati, meno ya karatasi iliyochanwa.

Nimekaa kitandani na viatu. Mimi, ninayekagua hata mkoba wa mfagizi anapotoka! Nilikuwa nimegeukia ukuta, mikono juu, napimwa kiuno.

Labda alichana bila kuona. Labda ni tenda ya sare kweli. Namba zinaweza kufanana. Mume wangu kauliza mbona nimepauka, nikasema maharage. Na kule ofisini nani ananishuku sasa? Hakuna. Hilo ndilo linalonitisha — nikinyamaza, limekwisha. Hakuna mtu kituoni anayejua ile namba ni ya nani isipokuwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemkataza kuiandikisha.

Jumanne, 13 Agosti

Naandika haya kibandani kwa Dada, kwenye benchi la wateja.

Nimeingia saa tatu. Wasichana wakatoka wenyewe, nadhani uso wangu uliwatoa. Dada hakuinua kichwa, akamalizia mshono mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Nilijua utakuja. Nilidhani utakuja mapema zaidi, wewe unavyoshuku watu."

Sikuweza hata kufoka. Nikamuuliza aliyajuaje. Akasema Mwalimu wa Utajiri aliwafundisha juma la pili tu: ukipoteza simu, andika maneno yako ishirini na manne kwa mpangilio, kila kitu kinarudi. Alipofungua daftari langu kutafuta ukurasa mtupu, akayaona yamepangwa moja hadi ishirini na nne, kwa mwandiko wangu mzuri. Alikaa nayo miezi mitatu bila kuyatumia. Alikuwa anangoja orodha, apate chake kwa haki kama watu wengine. Ile Ijumaa akanipigia simu mara ya mwisho.

Nikasema ni wizi. Akavua miwani.

"Nimechukua changu. Cha mtu sijagusa hata punje. Ile nauli ya kutuma nilitaka nilipe mwenyewe, mtambo ukakataa, ukaikata humo humo. Hiyo nadaiwa."

Nikamwambia kuhusu Mtaalamu. Hakuwa anajua. Akakaa chini, akauliza ana watoto? Nikasema wa kwanza yuko njiani. Nikamwambia azirudishe sarafu basi, auze cherehani. Akaniuliza azirudishe kwa nani, na kwa jina gani. "Mimi siko kwenye orodha, mdogo wangu. Sikutapeliwa. Si ulisema?"

Nikaketi kwenye benchi la wateja.

Karatasi iko juu ya kichwa changu, kwenye msumari. Nimeiona nilipoingia tu. Upande wa mbele vipimo vyangu: bega, kifua, kiuno. Upande wa nyuma sijaugeuza. Bahasha tupu ya vielelezo ninayo mkobani, natembea nazo siku zote, na kalamu ndiyo hii. Kibiriti nacho kipo, pale mezani pembeni ya pasi ya mkaa.

Gauni limekwisha! Kumbe lilikwisha zamani, lilikuwa limefungwa kwenye gazeti. Akanivalisha, akapiga magoti, akabana pini kwenye pindo na kwapani. Limenikaa sawasawa, kila inchi. Akasema uzi wa rangi hii umemwishia, anaenda duka la jirani, nisitikisike nisije nikajichoma.

Nimemwona kwa dirisha. Duka la jirani amelipita. Anatembea polepole upande wa kituo, kitambulisho mkononi — au ni pochi, siwezi kuona vizuri kutoka hapa. Amesimama kwenye kona. Hajageuka nyuma.

Simu inaita. Mkuu. Nilipaswa kuwa ofisini kusaini maelezo ya mwisho, jalada la Mtaalamu linapelekwa mahakamani leo. Imekata. Inaita tena.

Nimetazama saa ya ukutani kwa mazoea. Dakika nne niko peke yangu na hii karatasi.